EMR, ESD au upasuaji: kuchagua njia ya kuondoa uvimbe mchanga wa tumbo

Majibu ya kinyama (kipande kidogo kilichochukuliwa tumboni kwa uchunguzi) yamerudi, na karatasi inasema ndani ya mfuko wa chakula kuna saratani changa, au chembe zilizoanza kuelekea huko. Daktari anataja EMR (kunasa uvimbe kwa kitanzi cha waya na kuukata), anataja ESD (kuuchuna kwa kisu cha umeme), kisha anaandika barua ya rufaa. Familia ikirudi Ujiji au Kasulu inabaki na swali moja: tukubali ipi? Zote mbili hupita mdomoni kwa mpira wa kamera, na zote humwachia mgonjwa tumbo lake zima. Tofauti ni namna kipande kinavyokatwa, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama maabara itaweza kusema kwa uhakika kuwa saratani imekwisha.

Kwanza, je, uvimbe wenyewe unafaa?

Ukuta wa tumbo umepangwa kwa tabaka. Upande wa chakula kuna utando laini. Chini yake kuna tabaka jororo linalopitisha mishipa ya damu na ya limfu, halafu misuli minene, halafu ngozi nyembamba ya nje. Saratani huitwa changa ikiwa haijaingia kwenye misuli. Kwa endoskopi, yaani mpira wa kamera, tunabana zaidi ya hapo: iwe bado ndani ya utando, au kama imegusa tabaka jororo, isizidi kina cha nusu milimita. Tunabana hivyo kwa sababu ya matezi ya limfu yaliyo kando ya tumbo. Saratani iliyo ndani ya utando hufika kwenye matezi kwa wagonjwa wachache tu katika kila mia. Ikishazama kwenye tabaka jororo, karibu mgonjwa mmoja kati ya watano huwa tayari ana saratani kwenye tezi. Mpira wa kamera hautoi tezi hata moja.

Ndiyo maana daktari anayetoa rufaa anapaswa kuandika mambo manne: ukubwa, umbo, kama kuna kidonda au kovu juu ya uvimbe, na aina ya seli. Ukubwa usikisiwe kwa macho. Mdomo wa koleo la kuchukulia kinyama ukifunguka ni kama milimita 6 hadi 8. Ufungue kando ya uvimbe, piga picha, ndipo uandike namba. Umbo liandikwe kwa mpangilio wa Paris: 0-I uliochomoza, 0-IIa ulioinuka kidogo, 0-IIb ulio sawa na utando, 0-IIc uliobonyea, na 0-III uliochimbika. Kwenye aina ya seli kinachotakiwa ni kujua kama bado zinafanana na seli za kawaida au zimevurugika, zikiwemo zile zenye umbo la pete.

Tahadhari moja kwa wenzetu wa hospitali za wilaya. Kidonda kikubwa chenye sura mbaya kinahitaji vinyama sita au zaidi. Uvimbe mdogo bapa ambao huenda ukapelekwa ESD unatosha kwa kinyama kimoja au viwili vilivyolengwa vizuri. Ukiudonoa kila mahali unaacha kovu, na kovu hilo huunganisha utando na misuli mahali hasa ambapo mwenzako atataka kupitisha kisu.

Mwongozo wa Japani, nchi iliyoanzisha njia hizi, umeweka mipaka ambayo wengi duniani huifuata. EMR ni kwa uvimbe wa seli zinazofanana na za kawaida, ulio ndani ya utando, usio na kidonda, usiozidi sentimita 2. ESD inaruhusiwa kwa uvimbe wa namna hiyo hiyo hata ukiwa mkubwa zaidi. Ukiwa na kidonda, mwisho ni sentimita 3. Seli zilizovurugika zinaruhusiwa kwa ESD tu, hadi sentimita 2, bila kidonda. Wazungu wamekuwa wakali zaidi kwa EMR: uvimbe ulioinuka kidogo, usiozidi milimita 10 hadi 15. Kwa maoni yetu mpaka huu wa pili ndio wa kushika. Kati ya milimita 15 na 20 EMR inaruhusiwa kwenye karatasi, lakini mkononi kitanzi huanza kuacha ukingo mmoja nje.

EMR: kuinua, kunasa, kukata

Ilianza Japani mwaka 1984. Daktari anadunga maji ya chumvi ya asilimia 0.9 chini ya utando, kwa kawaida mililita 5 hadi 20 kulingana na ukubwa, yenye rangi ya bluu kidogo, na mara nyingi adrenalini ya 1 kwa 100,000. Utando unavimba na kujitenga na misuli. Kisha kitanzi cha waya kinazungushwa, kinakazwa, na umeme wa dayathemi unakata.

Kuna namna mbili kubwa. Ya kitanzi tupu ni rahisi na hutumia vifaa vile vile vya kutolea vinyama vya utumbo mpana. Ya kofia huvalisha ncha ya kamera kofia ya plastiki inayoona; kitanzi hutandazwa kwenye ukingo wa ndani wa kofia, uvimbe hufyonzwa kuingia ndani, kitanzi hufungwa. Hii ya kofia hunasa vizuri hata uvimbe bapa unaoteleza, lakini ina hatari yake: maji yakiwa machache, kofia hufyonza na misuli, na kitanzi hukata tundu. Dawa yake ni kudunga maji ya kutosha, na kulegeza kitanzi kidogo kabla ya kukata ili misuli irudi chini.

Maji ya chumvi hutawanyika ndani ya dakika chache, kwa hiyo kitanzi kiwe tayari kabla ya sindano. Na maji yakidungwa uvimbe usipoinuka, simama. Ama kuna kovu, ama saratani imeshikilia chini. Kulazimisha kitanzi hapo ndiko kunakoleta kipande kilichokatwa nusu.

Kwa mkono uliozoea, EMR huchukua nusu saa au pungufu. Dawa ya kutuliza inatosha kwa wengi, na mgonjwa hulala usiku mmoja au hata kurudi nyumbani siku hiyo hiyo kama anaishi karibu. Anayetoka Kibondo haishi karibu.

ESD: kuchora mpaka na kuchuna

Ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1990, pale madaktari wa Tokyo walipoweka kijipira cha seramiki kwenye ncha ya kisu cha umeme ili kisitoboe ukuta. Bima ya taifa ya Japani ilianza kuilipia kwa saratani ya tumbo mwaka 2006.

Hatua zake ni hizi. Uvimbe unanyunyiziwa rangi ya indigo ili kingo zionekane. Alama ndogo za kuchoma zinawekwa kuuzunguka, milimita 5 nje ya kingo. Maji yanadungwa, na hapa wengi hutumia majimaji mazito ya hayaluronati kwa kuwa hukaa muda mrefu kuliko chumvi. Kisu kinakata utando kuzunguka nje ya alama zote. Kisha inaanza kazi ndefu: kuchuna tabaka jororo kidogo kidogo, kwenda sambamba na misuli, ukiona mshipa unaukausha kwa koleo la umeme kabla haujatoa damu. Kipande kikitoka, daktari anarudi kwenye kidonda na kukausha kila mshipa unaoonekana. Hatua hii ya mwisho huchosha na kushawishi mtu aiache. Anayeiacha ndiye anayeitwa usiku.

Muda ni saa moja hadi mbili, na uvimbe mkubwa au wenye kovu huenda zaidi. Wagonjwa wengi hulazwa kwa usingizi mzito au nusu kaputi yenye mpira wa hewa, maana kulala muda mrefu huku damu na maji vikijaa tumboni ni njia ya kupata nimonia, hasa kwa wazee. Hewa inayopulizwa iwe kaboni dayoksaidi: hata ukuta ukitoboka, mwili huinyonya upesi kuliko hewa ya kawaida.

Mahali ulipo uvimbe pana uzito wake. Sehemu ya chini ya tumbo, karibu na mlango wa utumbo, ndiyo rahisi. Sehemu ya juu na ukingo mkubwa wa tumbo vina mishipa minene, kamera inapinda vibaya, na huko ndiko kutoboka hutokea zaidi. Mwanafunzi wa ESD huhitaji karibu kesi 30 chini ya mwalimu, akianzia sehemu ya chini, ndipo mkono utulie. Muulize daktari wako amefanya ngapi za tumbo. Ni swali halali, na daktari mzoefu hulijibu bila kununa.

Kuna pia njia ya katikati: mpaka unakatwa kwa kisu kama ESD, uchunaji unafanywa kidogo, kisha kitanzi kinamalizia. Kwa uvimbe wa milimita 15 hadi 20 ulio sehemu ya chini, na daktari ambaye bado anajenga mkono, ni chaguo la busara.

Zikiwekwa bega kwa bega

| | EMR | ESD |
|---|---|---|
| Ukubwa unaofaa | hadi milimita 15, mwisho 20 | hata zaidi ya sentimita 3 kama hakuna kidonda |
| Kutoka kipande kimoja | karibu nusu ya kesi | zaidi ya 9 kati ya 10 |
| Kurudi mahali pale pale | takriban 5 katika 100 | takriban 1 katika 100 |
| Kutoboka | takriban 1 katika 100 | takriban 2 hadi 4 katika 100 |
| Muda | nusu saa | saa 1 hadi 2 au zaidi |
| Kulazwa | usiku mmoja | siku kadhaa |

Namba za kipande kimoja zinahitaji maelezo kidogo. Hesabu za EMR zinachanganya uvimbe mdogo na mkubwa. Chini ya milimita 10 kitanzi hutoa kipande kimoja mara nyingi sana, na faida ya ESD inapungua hadi haistahili saa mbili za nusu kaputi. Juu ya sentimita 2 mambo yanageuka kabisa: kitanzi kitatoa vipande vitatu au vinne, na mtaalamu wa patholojia hawezi kuvipanga tena ajue kingo zilikuwa wapi. Hapo utapewa karatasi inayosema "haiwezekani kutathmini", na utakuwa umefanyiwa utaratibu mzima bila kupata jibu. Kama saratani imethibitishwa au inashukiwa sana, usikubali EMR ya vipande vipande kwa sababu tu ndiyo iliyopo karibu.

Na usikubali kabisa kuchomwa uvimbe kwa gesi ya agoni ili "umalizike leo" ikiwa mwili wako ungestahimili kukatwa. Kilichochomwa hakina cha kupeleka maabara.

Damu na tundu

Kutoka damu baadaye hutokea kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya 20 baada ya ESD, na EMR haiko mbali. Mara nyingi ni ndani ya saa 24 hadi 48, lakini inaweza kuja hata baada ya wiki mbili. Dalili ni choo cheusi kama lami chenye kunata, kutapika damu au kitu kama masimbi ya kahawa, kizunguzungu, jasho baridi. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda yuko hatarini zaidi. Wafarini kwa kawaida husimamishwa siku 5 kabla na klopidogreli siku 5 hadi 7, lakini mwenye stenti ya moyo au vali bandia asiache dawa kwa uamuzi wake; daktari wa moyo na wa endoskopi wakubaliane kwanza.

Tundu likionekana papo hapo, tundu dogo hufungwa kwa klipu za chuma, kisha mgonjwa hunyimwa chakula, huwekewa mpira wa pua, dripu na dawa za kuua vijidudu kwa siku chache. Wengi hupona bila kupasuliwa. Tundu lisiloonekana ni jambo jingine: tumbo linakuwa gumu kama ubao, homa inapanda, na hapo daktari wa upasuaji anahitajika saa hiyo. Hospitali isiyo na klipu kwenye droo, damu kwenye benki na daktari wa upasuaji ndani ya jengo isifanye ESD, hata kama ina kisu kizuri.

Uvimbe uliokuwa karibu kabisa na mlango wa juu au wa chini wa tumbo, ukachunwa zaidi ya robo tatu ya mzunguko, unaweza kuponea kwa kovu linalobana njia. Dalili ni kutapika chakula cha jana, wiki kadhaa baadaye. Hutibiwa kwa puto la kupanulia, mara nyingi zaidi ya moja.

Upasuaji ni lini?

Ikiwa saratani imezama zaidi ya nusu milimita, seli zimevurugika na uvimbe umezidi sentimita 2, au kidonda kikubwa kimekaa juu yake, upasuaji wa kuondoa sehemu ya tumbo pamoja na matezi ndio unaofaa. Una bei yake: kula kidogo kidogo mara nyingi, kupungua uzito, na kwa aliyetolewa tumbo lote, sindano za vitamini B12 maisha yake yote. Lakini kwa kijana mwenye nguvu na uvimbe usiofaa kwa kamera, kuzungukia endoskopi mbili tatu kwa kuogopa kisu ni kupoteza muda ambao saratani haiupotezi.

Kuchagua ukiwa Kigoma

Safari ya kawaida huanzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni, kisha Bugando kule Mwanza, au Muhimbili, ambayo kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Kabla ya kukata tiketi, piga simu kitengo cha endoskopi cha unakopelekwa na uliza: mnafanya ESD ya tumbo au EMR tu? Mtaalamu yupo wiki hiyo? Visu na klipu vipo, au mgonjwa anaagiziwa? Uliza bima yako mapema kama inatoa kibali, kwa sababu visu na klipu hutumika kwa mgonjwa mmoja, na gharama yake inaweza kuizidi ya chumba chenyewe. Beba picha za endoskopi kwenye simu au flashi, majibu ya kinyama, kipimo cha wingi wa damu na orodha ya dawa zote, pamoja na diklofenaki na dawa za miti shamba.

Umbali nao ubadilishe uamuzi. Usipande basi siku ya pili baada ya ESD. Mtu akianza kutapika damu katikati ya Kakonko na Nyakanazi hakuna kamera ya kumwokoa pale. Panga kukaa mjini karibu na hospitali angalau siku 5 hadi 7 baada ya ruhusa, kwa ndugu au nyumba ya wageni, na kama ulikuwa unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kaa wiki mbili. Ikiwa hilo haliwezekani na uvimbe ni wa milimita 8, hiyo ni sababu nzuri ya kuchagua EMR.

Chakula: siku ya kwanza maji na uji mwepesi, kisha uji mzito, wali laini, mchuzi wa migebuka usio na pilipili wala mawese mengi. Ugali mgumu, dagaa wakavu waliokaangwa na pombe vingoje wiki mbili. Omeprazo au ndugu yake hunywewa wiki 4 hadi 8 mpaka kidonda kifunge. Diklofenaki na ibuprofeni usiziguse kipindi hicho.

Kipande kikishatoka

Hapa kazi nzuri ya saa mbili huharibiwa kwa dakika tano. Kipande kikitupwa tu kwenye kichupa hujikunja na kingo hupotea. Kitandazwe mara moja juu ya kizibo bapa au povu jeupe la vifungashio, kibanwe kwa pini kuzunguka kingo, kiandikwe upande wa juu na wa chini, kisha kizamishwe kwenye formalini ya asilimia 10, ujazo mara kumi ya kipande, kwa saa 24 hadi 48. Maabara ikikate vipande vya milimita 2.

Majibu yaseme: kingo za pembeni na za chini ni safi au la, kina ni milimita ngapi, seli ni za aina gani, na kama saratani imeonekana ndani ya mishipa ya damu au limfu. Kingo safi, kina ndani ya utando, mishipa safi: umemaliza. Ukingo wa pembeni tu ukiwa na mashaka, kamera inaweza kurudia. Kina kikizidi nusu milimita au saratani ikiwa ndani ya mishipa, zungumza na daktari wa upasuaji hata kama unajisikia mzima kabisa.

Pima pia bakteria wa pailori (H. pylori), anayeishi kwenye utando wa tumbo. Kwa kipimo cha choo, acha omeprazo wiki 2 na antibayotiki wiki 4 kabla ya kupima, vinginevyo majibu yatadanganya. Akiwepo, atibiwe kwa siku 14, kwa sababu kumwondoa hupunguza uwezekano wa saratani nyingine kuota mahali pengine kwenye tumbo lile lile. Uwezekano huo hauishi, kwani utando uliobaki ni ule ule uliozaa uvimbe wa kwanza. Kamera irudiwe baada ya miezi 3 hadi 6, kisha kila mwaka, na nakala ya majibu ya patholojia ikae kwenye faili lako Maweni, siyo kule ulikofanyiwa tu.